Wastani wa Bia

4 Machi

Baba mpendwa,

Shikamoo. Hatujambo, ila mama ana mafua na anakataa kulala. Kikohozi chako kimeisha?

Mwalimu wa jiografia ametuambia tulinganishe nchi kwa jambo lolote. Kwa kuwa kazi yako huko ni kuonja bia kiwandani, nimelinganisha bia wanayokunywa watu na vifo vinavyotokana na pombe. Nilidhani nchi inayoongoza kwa bia itaongoza na kwa vifo. Sivyo. Nimekuchorea jedwali ulione.

Mwanao

19 Machi

Profesa wangu,

Marahaba. Mimi mzima, kikohozi kimenizoea tu. Jedwali lako nimelibandika chumba cha kuonjea. Mwenzangu tunayemwita Pipa amelisoma akasema, "Huyu mtoto apewe shahada. Kumbe bia haina kesi." Tumecheka mpaka msimamizi akaja.

Mwambie mama aache kunisihi niache kunywa, sayansi imesema. Halafu bia haionjwi kwa kutema. Uchungu wake unaujua ukishameza. Ndiyo kazi yenyewe, na jioni tunapewa chupa za kusindikizia safari ya nyumbani.

Baba yako

27 Machi

Baba,

Shikamoo. Mama amepona. Tafadhali libandue jedwali.

Sikukueleza vizuri. Kwingine watu wanakufa kwa pombe kali, si bia. Kwingine wanakunywa ya kupika nyumbani, ambayo hakuna anayeihesabu. Tena zile takwimu ni wastani: unachukua bia yote unaigawa kwa kila mtu, hata mama ambaye hajawahi kuonja, hata mimi. Lakini sisi hatujanywa. Kuna mtu anatunywea, baba, na naogopa ni wewe. Jumapili kwenye simu ulinisalimu mara mbili, kisha ukaniuliza niko darasa gani.

Sijamwambia mama.

Mwanao

10 Mei

Baba,

Shikamoo. Simu yako inaita tu. Kama umenikasirikia, niandikie hata hivyo. Mama anasema labda ni kazi nyingi, lakini anasema huku amenipa mgongo.

Mwanao

15 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Poleni kwa wasiwasi. Nilikasirika kweli, kisha nikaona aibu, na mtu mwenye aibu haandiki barua.

Nimekwenda kwa daktari. Akaniuliza nakunywa kiasi gani. Siku zote najibu, "Kidogo, kama wenzangu." Safari hii nilimtajia changu mimi. Akaweka kalamu chini. Anasema ini limeumia, lakini nikiacha sasa, litapata nafuu. Ananiona kila wiki, maana siku za kwanza nilitetemeka mpaka kijiko kikawa kazi.

Nimeomba kuhamishwa, sasa naosha chupa. Jedwali nimelibandua. Pipa amenuna, ananiita mchungaji, hata salamu hapokei.

Mama nimemweleza mwenyewe katika barua yake, usibebe tena hilo.

Saa ya mapumziko wenzangu wanaingia kuonja, mimi nabaki uani na sijui mikono niiweke wapi. Nitumie kitabu kimoja. Kisiwe kigumu.

Baba yako