Sikio Lililong'oka

Kaka yangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie wewe, wifi na watoto. Mkono unaendeleaje? Vidole vilivyobaki vimeanza kushika kijiko? Mimi ni mzima, na wiki hii nimekula nikashiba, maana yule mhandisi mkuu wetu, Bwana Kijani, amefukuzwa kazi.

Sijasahau. Wewe uko hospitalini, mkono umepondwa na tangi, yeye anaitangazia karakana nzima kwamba sikio la kunyanyulia tangi, lile bamba lenye tundu la kufungia mnyororo, liling'oka kwa sababu ulilichomelea ovyo. Ukaachishwa kazi ukiwa na bandeji.

Ile programu yetu ya kupima uimara wa masikio huuliza unene wa bamba, ukubwa wa tundu, uchomeleaji, na mnyororo utavuta kwa pembe gani. Ukiacha pembe kwenye sifuri, inaamini mnyororo unavuta wima, inakupa rangi ya kijani, yaani salama. Lakini minyororo miwili ikikutana kwenye ndoano moja huvuta kwa mshazari, na sikio hupinda, bamba likachanika. Bwana Kijani alikuwa akisema nyekundu inachelewesha kazi, ndiyo maana tukambandika jina hilo.

Jumatatu walikuja wakaguzi. Nikafungua hesabu ya tangi lako mbele ya wakurugenzi, nikaandika pembe ya nyuzi arobaini na tano, ile ya kweli. Skrini ikawa nyekundu. Uchomeleaji wako ulipita. Kilichoshindwa ni bamba. Akadai programu imekosea. Nikamwomba basi arudishe sifuri yake, halafu akasimame chini ya tangi jipya alilolipigia hesabu vilevile. Akakataa, jasho linamtiririka. Nilifurahi, kaka, sikufichi. Mwosha huoshwa. Tangi hilo halikunyanyuliwa.

Sasa kaa kitako. Sifuri ile aliitamka yeye, lakini aliyeiandika ni mimi. Nilikuwa na wiki tatu tu kazini. Nilijua si sawa, nikaogopa kumbishia. Miaka miwili nimekuja kwako na matunda, nikasikia wifi akinishukuru, nikanyamaza.

Kwenye maelezo niliyowapa wakaguzi na kuyatia saini, jina lake ni la kwanza kati ya wenye kosa, langu la pili. Nami nimefukuzwa. Barua ya kampuni inayokusafisha nimeiweka humu.

Wasalimie watoto, wakiuliza kwa nini siji, waambie ukweli. Hasira yako juu yake nimeshakumalizia. Iliyobaki ni yangu, usimgawie mtu mwingine.

Ni mimi,
mdogo wako