Mwanamke wa Langoni

Laini ya Juu, Kericho
4 Machi 2024

Kwako mwanangu Nyakerario,

Bwakire. Natumaini barua hii inakukuta mzima, kifua hakikusumbui tena, na huko chuoni unakula chakula cha kueleweka, si chai na mandazi tu. Mimi ni mzima kiasi. Mgongo unalalamika, lakini bado unabeba kikapu cha majani, kwa hiyo namshukuru Mungu.

Utauliza kwa nini naandika na simu ninayo. Unaujua ukuta wetu hapa laini, nyumba imeshikana na nyumba. Nikipiga chafya, Caren wa upande wa pili ananiambia pole kabla sijapangusa pua. Hili ninalotaka kukuuliza si la kusikiwa na jirani, hata akiwa rafiki. Barua nampa Syprose wa dukani aiweke pamoja na mizigo ya Eldoret. Wewe pia unijibu kwa njia hiyo.

Jana kanisani Mzee Omariba alisema kuna roho chafu zinawaingia vijana kupitia vitabu vya majoka na michezo ya kujifanya mtu mwingine. Akauliza, "Mtu anajiita mchawi kwa mchezo, kesho ataitwa nani?" Jumapili ijayo wazee watapita nyumba kwa nyumba kuomba, na kila kitu cha aina hiyo kitatolewa kichomwe nje ya kanisa. Watu wakasema amina. Mimi nilisema kwa sauti kuliko wote, kwa sababu nilikuwa nimekumbuka kile kibati chako chini ya kitanda.

Nimekifungua. Nimekuta vijitu vya mawe, vidogo kama kidole gumba, na chini ya kila kimoja kuna herufi, isipokuwa kimoja cha mwanamke mwenye kikapu. Baadhi vimefungwa uzi mwekundu. Kimoja chenye K kimefungwa mguuni. Nyakerario, ni nini hii? Ulibatizwa mbele ya macho yangu. Niambie ukweli, tena haraka, kabla ya Jumapili.

Mama yako.


Eldoret
7 Machi 2024

Mama mpendwa,

Bwakire buya. Kifua kimepona, na chakula nakula, usiwe na shaka. Pole kwa mgongo. Barua yako nimeisoma nikacheka, halafu nikaogopa, halafu nikaketi kukujibu kabla hata sijavua viatu.

Hivyo vijitu alinichongea Mjomba Oyaro. Ni mabaki ya mawe laini ya Tabaka, anayochongea zile bakuli anazouza pale Chepilat. Ni vya mchezo. Tunaketi mezani, mimi nikiwa msimulizi. Nasema, "Mmefika kwenye daraja, na upande wa pili joka limelala kwenye ukungu. Mnafanya nini?" Kila mmoja anasema mtu wake atafanya nini, kisha anatupa dadu kuona kama ameweza. Ikitoa moja au mbili, mambo yameharibika. Tano au sita, amefaulu. Tatu au nne, msimulizi anaamua. Basi. Hakuna mtu anaitwa, hakuna pepo anaombwa.

Uzi mwekundu ni alama ya aliyeumia kwenye hadithi. Hautolewi mpaka rafiki yake akubali kupoteza zamu yake akae na yule aliyeumia. Nilipenda iwe hivyo, kwa sababu hakuna anayepona peke yake. K ni Kiplimo wa Caren, Limo wetu. Krismasi tulipocheza, mtu wake alianguka mlimani akaumia mguu, na tukafungua vyuo kabla hatujamtoa uzi. N ni Nelvine, mchezaji mwenzetu.

Yule mwanamke mwenye kikapu mgongoni hana herufi kwa sababu anajulikana. Ni wewe, Mama. Anakaa langoni mwa nchi ya mchezo wetu. Sijawahi kumtoa nje tangu Baba afariki, maana dadu haina huruma.

Kuhusu Mungu, sitakudanganya. Nikiitunga nchi ile, milima ya majani chai ambayo hakuna mtu anachuma, huwa namfikiria Mungu kuliko nikiwa kwenye benchi nasikiliza matangazo ya kanisa. Yeye naye alianza na giza na maji, akasema neno. Mimi nasema langu dogo. Lakini mahubiri kama hayo ya Mzee Omariba yananiingia, Mama. Kuna siku naomba kabla ya kucheza, halafu nikimaliza naomba tena, nisijue ni toba au ni shukrani.

Tafadhali usivifiche. Wazee wakija, weka kibati mezani uwaeleze kama nilivyokueleza. Kitu kilichofichwa ndicho kinachotisha watu.

Binti yako, Nyakerario.


Laini ya Juu
19 Machi 2024

Mwanangu,

Habari za huko? Mimi siwezi kusema ni mzima, ingawa siumwi popote.

Barua yako imenifikia jana. Syprose alifunga duka akaenda matanga Nyamira, na mzigo ukakaa ndani mpaka aliporudi. Kwa hiyo wazee walikuja nikiwa sina jibu lako.

Nilitaka kuvichoma. Lakini jiwe linachomwaje? Kuvitupa nikashindwa, nilijua ni mkono wa kaka yangu. Basi Jumamosi, watu wakiwa sokoni, nilichukua jembe nikavifukia pamoja na kibati chake nyuma ya nyumba, kwenye kile kipande chetu cha mboga za managu. Mzee Omariba akaja, akaomba, akaniambia nyumba hii ni safi. Nikampa chai.

Mimi Mgusii mzima, nimefukia vitu nyuma ya nyumba! Umri huu wote, kana kwamba sijui watu wanamwitaje mama anayefukia vitu karibu na ukuta wa jirani! Niliogopa wazee nikasahau majirani.

Sasa sikiliza lililonivunja. Ijumaa Kiplimo alianguka na pikipiki pale karibu na Kedowa, amevunjika mguu. Ni ule ule uliofungwa uzi. Sikuwa nimeyajua mambo ya K wala mlima mpaka niliposoma barua yako. Tangu jana Caren akiongea upande wa pili, mimi nakaa kimya kama mwizi. Leo ameniletea maziwa ya mursik, akanishika mkono, akalia. Nilishindwa kumtazama.

Nifanye nini? Usipige simu.

Mama yako.


Eldoret
22 Machi 2024

Mama,

Pole sana. Mpe Kiplimo pole zangu. Sitaandika mengi, gari la mizigo linaondoka.

Vitoe leo, tena usivitoe peke yako. Mwite Caren, mwambie yote, mchimbe pamoja. Ukionekana unachimbua peke yako itakuwa mbaya kuliko kufukia. Mama, unakumbuka yule mama wa kwetu Nyamira walivyomfanyia kwa kumwita mchawi, na hakukutwa na kitu chochote. Mimi sina ruhusa ya kuacha mazoezi ya kufundisha mpaka Mei, lakini ukisema neno moja nitakuja, wanifukuze wakitaka.

Kiplimo mwenyewe anaweza kusema. Yeye ndiye aliyecheka kuliko wote mtu wake alipoanguka kwenye ule mlima.

Nijibu mara moja.

Binti yako.


Eldoret
3 Aprili 2024

Mama,

U mzima? Nimeuliza mara ya ngapi sijui. Simu yako imezimwa. Ya Caren inaita, haishikwi. Syprose anasema barua yangu aliichukua Mzee Omariba mwenyewe, akisema anapita kwako, na tangu siku hiyo hajakuona dukani. Nilipomuuliza kuna nini huko laini akasema, "Wee uliza mama yako," akakata simu.

Nimemwambia Mungu kama ni huu mchezo anataka, auchukue. Nchi yote, na majoka, na milima. Nimesema hivyo nikiwa nimepiga magoti bafuni kwa sababu chumbani kuna watu. Kisha nikaona aibu kwa kujaribu kununua mama yangu kwa majoka.

Kesho kutwa nisipopata neno napanda gari. Niandikie hata "niko".

Nyakerario wako.


Laini ya Juu
4 Aprili 2024

Niko. Usije. Subiri barua. Simu wameirudisha lakini sina nguvu ya kuongea.

Mama.


Laini ya Juu
14 Aprili 2024

Kwako mwanangu Nyakerario,

Bwakire. Natumaini u mzima na umeanza kulala. Mimi ni mzima, safari hii nasema kweli. Sasa nina nguvu ya kukueleza.

Barua yako ya kunikataza nisichimbue peke yangu sikuipata kwa wakati, Mzee Omariba alinipa baada ya yote. Hata hivyo sikuchimbua, nilikuwa nangoja ujasiri. Mvua ikaanza, nami siku hiyo nilichelewa kwenye mizani ya majani. Caren akaona kipande changu kimejaa magugu. Pamoja na mguu wa mtoto wake na shida zote alizo nazo, akachukua jembe akasema amsaidie Mama Nyakerario. Ni wema wake uliogonga kibati.

Niliporudi, nyuma ya nyumba palikuwa pamejaa watu. Vijitu vimepangwa juu ya gunia, K mbele na uzi wake mguuni. Caren hakupiga kelele. Aliniuliza tu, "Mama Nyakerario, hii kitu ni ya nani? Mbona iko na K, na uzi kwa mguu ile ya Limo?" Nyuma yangu mtu akauliza mafuta taa iko kwa nani. Simu yangu ilikuwa imeshachukuliwa.

Nilipiga magoti kwenye tope nikamwokota yule mwanamke mwenye kikapu. Sijui kwa nini yeye. Ndipo nikakumbuka barua yako, ile ndefu, nilikuwa nayo kwenye mfuko wa aproni. Nikaisoma kwa sauti yote, mpaka pale pa benchi na matangazo. Samahani, Mzee Omariba alikuwa amesimama hapo hapo. Kiplimo akapaza sauti kutoka ndani, upande wa pili wa ukuta, "Ni kweli! Ni mchezo yetu!" Wakasema mtoto aliyerogwa hawezi kuwa shahidi.

Basi nyapara wetu, Kipkurui, ambaye unajua hapendi watu wasimame bila kazi, akasema, "Kama ni uzi imevunja mguu, si mtoe uzi?" Kila mtu akatazama uzi. Hakuna aliyeusogelea. Mwenyewe niliponyoosha mkono walinivuta nyuma.

Nikasema, "Msimulizi amesema uzi unatolewa na rafiki anayekubali kupoteza zamu yake. Caren, wewe ni rafiki yangu ama si rafiki?"

Alinitazama, mwanangu. Niliona anahesabu miaka yetu ya ukuta mmoja. Kisha akakaa chini kwenye tope, akachukua K, akaufungua uzi kwa meno kwa sababu ulikuwa umelowa. Watu wote wakageukia ukuta. Mimi niliomba, na sala yangu ilikuwa ya kutisha. Niliomba mtoto asipone, maana mguu ukipona palepale wangesema uzi ulikuwa uchawi kweli.

Caren akaita, "Limo! Mguu iko namna gani?"

"Inauma tu, mama! Si uniletee ile dawa!"

"Bado inauma?"

"Mara hii umeniuliza mara mbili! Inauma!"

Mtu mmoja akacheka, halafu mwingine. Mwenye mafuta taa akasema alikuwa amebeba ya stovu yake. Sijawahi kufurahia maumivu ya mtoto wa mwenzangu, lakini siku ile kila kelele ya Kiplimo nilisema amina. Caren alinishika mkono akaniinua. Hatujaongea bado kama zamani. Asubuhi ananisalimia kupitia ukutani, mimi naitikia, halafu tunanyamaza wote wawili. Jana alinyamaza muda mfupi zaidi.

Mzee Omariba hakucheka. Kibati amekichukua kukifungia. Mimi nimetolewa kwaya ya akina mama mpaka kikao kikae, na kuna wanaovuka upande wa pili nikipita. Ameniagiza nikuandikie kwamba ukija Mei utasimama mbele ya kanisa useme umeuacha mchezo huo na vitabu vyake. Nimekuandikia. Maneno yake yanaishia hapo.

Haya ni yangu. Naogopa, Nyakerario. Ukiuacha, naogopa nitapata binti anayekaa kwenye benchi akifikiria matangazo. Usipouacha, naogopa watu. Sitakuamulia. Ila usiseme mbele ya kanisa kitu ambacho si kweli ili mimi nirudi kwenye kwaya. Sauti yangu si nzuri hivyo.

Kuna mambo mawili Mzee hakuyapata. Yule mwanamke alikuwa kwenye ngumi yangu tangu mwanzo, na ile dadu niliyoiokota pamoja naye ilinibaki mfukoni mwa aproni. Nimemtazama sana huyo mama. Hana uzi hata mmoja. Umemweka langoni miaka yote hii, wenzake wanavuka madaraja na kuanguka milimani, yeye amesimama na kikapu kitupu. Nilishukuru, kisha nikamwonea huruma.

Leo baada ya kunywa chai nimemweka mezani, nikamwambia atoke. Nikatupa dadu. Imetoa nne.

Ulisema nne anaamua msimulizi. Basi amua, mwanangu, uniandikie upesi. Ila usimrudishe ndani.

Mama yako.