Kapteni Lathbury Alikuwa na Miaka Sita

Mpendwa Mshauri,

Naomba msaada wako, na uje upesi, maana nina miaka themanini na minne, moyo wangu unasimama na kuondoka kama gari bovu, na daktari ameacha kunidanganya. Mimi ni yule mama wa Newport ambaye gazeti lenu huchapa picha yake kila kiangazi, kofia, lulu na mbwa, na chini yake mnaandika kwamba ukoo wangu ulikuwa hapa kabla taifa hili halijazaliwa. Ni uongo, na niliutunga mwenyewe nikiwa na akili timamu.

Baba yangu alitajirika kwa kiwanda cha vifungo, na jina letu la Lathbury aliliokota kwenye kibao cha duka la viatu, kwa sababu jina alilozaliwa nalo, Geraghty, lilikuwa la Kiayalandi, na Waayalandi walidharauliwa siku hizo, na mama yake, Honora, alikuwa dobi aliyefua mashuka ya watu mtaa wa nyuma ya jumba ninamoishi sasa, nami nikiwa mtoto nilimpenda sana, lakini nilipoolewa katika ukoo mkubwa nikakuta kila mwanamke mezani ana babu aliyepigana vita vya uhuru wa Marekani na mimi sina, basi nikaenda makaburini na kalamu, nikatafuta Lathbury yeyote, nikampata Ezra, aliyekufa mwaka 1778, vita vikiendelea, jiwe lake limezama nusu ardhini, wala sikuchimba, nikamfanya babu wa babu yangu, na bwana mmoja anayetafutia watu koo zao akaniongezea ukapteni, vyeti na upanga. Kwa karatasi hizo niliingia Chama cha Wajukuu wa Walinzi wa Ghuba, cha wenye damu ya askari wa vita hivyo, nikakiongoza miaka ishirini, nikiwapitisha wengine na kuwakataa wengine, akiwemo mwalimu mmoja mweusi, Almira Congdon, ambaye babu yake alipigana kweli ila hakuwa na cheti cha ndoa cha wazee wake.

Sasa Jumamosi hii mjukuu wangu Winifred anaingia chamani, na kwetu binti huingia kwa faili la bibi yake bila kuulizwa lolote, ataapa juu ya Biblia kwamba yeye ni damu ya Kapteni Ezra, kisha atafunua kibao cha shaba ambacho chama huweka kwenye kaburi. Wiki iliyopita mwashi alikwenda kulinyanyua jiwe ili akifunge hicho kibao, akaja hadi barazani kwangu kofia mkononi, anajizuia asicheke.

"Bi mkubwa, huyu kapteni wako alikwenda vitani na meno ya utoto."

"Una maana gani?"

"Imeandikwa chini. Miaka sita na miezi miwili. Ndui."

Mshauri, nilicheka mpaka nikaletewa dawa. Binti yangu Constance hakucheka.

"Saruji kidogo tu pale chini, Mama, na maua mbele. Nani atainama kusoma?"

"Mimi nitainama."

"Wewe? Viatu vyenyewe unavishwa! Na ukifungua mdomo Jumamosi, daktari ataandika kwamba umerukwa na akili."

"Mwambie aandike kwa herufi kubwa, macho yangu ni mabovu."

Nimekusudia kusukumwa kwa kiti changu hadi pale, na Winifred akishaweka mkono juu ya Biblia nipige kelele kwamba mimi ni mjukuu wa dobi, anayetaka kunifukuza anifukuze, kwa kuwa sitaki kuzikwa chini ya jina la duka la viatu. Constance anasema nitamvunja mtoto mbele ya watu mia mbili, naye ana miaka kumi na tisa tu na hajui lolote. Niseme, au ninyamaze? Na msinifiche kwa herufi za mwanzo.

Hester Geraghty,
Newport, Rhode Island

*

Bi Hester,

Jina lako litachapwa kama ulivyotaka. Barua yako itatoka Ijumaa, lakini jibu hili nakutumia leo Jumatano kwa tarishi, ili mjukuu wako asiyasome haya gazetini kabla hujamwambia.

Pole kwa moyo wako, na pole kwa bibi uliyempenda ukamficha. Lakini usinichezee. Umeshaamua kusema, ulichotaka kwangu ni makofi, na sikupigii. Kumngoja msichana ashike Biblia ndipo umrukie ni maonyesho, nawe umekuwa ukitoa maonyesho mjini humo tangu ulipoolewa.

Mwambie Winifred kesho asubuhi, mkiwa wawili tu. Usimwombe radhi kwa sababu ya Honora. Mwombe radhi kwa kumnyima Honora. Akilia, mwache alie; akikasirika, ana haki.

Leo hii andika barua ya kuondoa karatasi zako chamani, mwashi awe shahidi, na umwite daktari asiyekula mezani kwa binti yako, athibitishe kwa maandishi kwamba unajua leo ni siku gani. Kitisho cha Constance kitakuwa kimekwisha kabla ya chakula cha mchana. Naye usimgombeze sana, aibu hiyo aliirithi kwako. Ila saruji, marufuku! Mtoto yule alikuwa na wazazi waliomhesabia hata ile miezi miwili.

Sasa Mwalimu Congdon. Umempa kipande tu cha sentensi, kana kwamba unataja kikombe kilichovunjika. Watu waliokuwa wakinunuliwa na kuuzwa wangekipata wapi cheti cha ndoa? Wewe mwenye babu wa kuokota ulimfungia mlango mwenye babu wa kweli, na hilo ni baya kuliko upanga wote ule wa uongo. Mwandikie kwa mkono wako, hata ukitetemeka, useme ulichofanya bila kuweka "labda" popote. Hana wajibu wa kukujibu. Kama amekufa, ana watu wake, waandikie hao.

Jumamosi nenda. Winifred akikubali kukusukuma, vizuri. Akikataa, mwache, umtafute mwingine mwenye mikono ya nguvu. Ukifika, sema mara moja tu, kwa sauti ya kawaida, kwamba faili la Almira Congdon lifunguliwe upya. Wakishasikia hilo, ndipo uwaambie wewe ni nani.