Ametutoka

Dada yangu mpenzi,

Huku tu wazima. Albamu yetu imetoka Ijumaa na gazeti limetupa nusu ukurasa. Mpiga ngoma wetu amebandika kipande hicho kwenye kioo cha saluni yake. Hanyoi mtu kabla hajakisoma.

Ila mwandishi kasema wimbo wa mwisho nimemtungia "marehemu dada yake". Kosa ni langu. Nilimwambia "ametutoka", nikimaanisha umetoka kwenye bendi. Mama hajala tangu asome.

Nilimpigia mhariri simu, nikamfokea asahihishe. Akaniuliza kwa upole, "Mara ya mwisho uliongea naye lini?"

Nikakata simu.

Hii ni barua ya saba. Dada, hata kama ni matusi, niandikie.

Mdogo wako,
anayeimba sehemu yako vibaya