Mashine Sita Nilizozizamisha Mtoni

Mshauri wetu mpendwa, naomba unisome mpaka mwisho ndipo ucheke, maana nikikueleza nusu utadhani nimerukwa na akili. Ukoo wetu una kiwanda cha kutengeneza mashine za kukereza vyuma, alikianzisha babu kwenye banda la bati, sasa ni karakana tatu na ofisi ya ghorofa, na mwaka huu kinatimiza miaka sitini. Baba mkubwa, ambaye ndiye mkurugenzi, akaniita akasema mwanangu wewe umesoma, tuandikie historia ya kiwanda, kitabu chenye jalada gumu, nami kwa kupenda sifa nikaitikia kabla hajamaliza kusema.

Shida ilianzia kwenye daftari la mashine. Kwetu kila mashine hugongwa namba kabla ya kutoka, na namba huandikwa daftarini pamoja na jina la mnunuzi, ni desturi tangu enzi za babu, hata lori likiwa linanguruma getini mashine haitoki bila namba. Nikafungua daftari la kwanza kabisa, nikakuta linaanza na saba. Moja mpaka sita hakuna. Nikamuuliza baba mkubwa, akasema labda ziliuzwa kabla ya daftari, andika tu kitu kizuri. Basi nikaandika. Kwanza niliziunguza zote kwenye moto wa ghala, fundi mkuu akasoma, akanitazama kwa huruma, akaniuliza tani zote hizo za chuma ziligeuka majivu gani. Nikaona aibu, nikafuta, nikazipakia kwenye lori na lori nikalipindua darajani, zikazama mtoni zote sita, na babu nikamweka ukingoni anafuta machozi anasema tutaanza upya. Nilijiona mwandishi kwelikweli.

Kumbe najichimbia shimo. Baba mkubwa aliposoma alilia. Kesho yake akakusanya wafanyakazi wote akawatangazia kwamba siku ya sherehe tutaiopoa mashine ya kwanza ya marehemu baba yake, akajengesha jukwaa la zege getini la kuiweka, akakodi wapiga mbizi. Wapiga mbizi wana wiki mbili mtoni na wameleta baiskeli na beseni. Mwana wa baba mkubwa, msimamizi wa karakana ya kuyeyushia chuma, alipoona baba yake anakonda akaniambia usijali dada, na sasa amejifungia nyuma anatengeneza hiyo namba moja, anaimwagia maji ya chumvi ishike kutu.

Ningenyamaza, lakini juzi nilimsomea bibi ile sura. Bibi ana miaka themanini na minane na masikio yake mazima. Alicheka mpaka nikamshikia kikombe. Akaniambia hapakuwa na sita yoyote, babu aligonga saba kwenye mashine yake ya kwanza kwa sababu alijua hakuna atakayenunua mashine ya kwanza ya fundi asiyejulikana. Na kitanda cha mashine ile, yaani ule mgongo wa chuma ambao lazima unyooke ndipo kazi itoke sawa, hakikukwanguliwa na babu kama tunavyosimuliwa siku zote. Babu alikuwa barabarani anatafuta mteja. Aliyekikwangua kwa mkono mpaka kikanyooka ni bibi, na mtoto mgongoni, na huyo mtoto ndiye baba mkubwa. Kisha akasema, "Mjukuu wangu, mimi sherehe sitaki. Niandike tu kwenye hicho kitabu, nisikie nikisomwa kabla sijaondoka."

Kitabu kinakwenda kwa mchapaji Ijumaa, baba mkubwa ana presha na hasira zake ziko karibu, nikisema namwaibisha mbele ya watu mia mbili, nisiposema bibi yangu ndiye ninayemfuta. Nifanyeje?

Mwandishi wa Ukoo

*

Mwandishi wa ukoo, nimekusoma mpaka mwisho na nimecheka, pale kwenye beseni nilishindwa kabisa. Nilipomaliza kucheka nikakasirika.

Babu yako alidanganya tarakimu moja ili watoto wale. Wewe umedanganya sura nzima ili usifiwe. Njia ya mwongo ni fupi, na yako imekufikisha kwa wapiga mbizi. Lakini kosa lililoniuma zaidi ni jingine. Ulipokuta pengo daftarini ulimuuliza mkurugenzi, kisha ukauliza kichwa chako. Mtu pekee aliye hai ambaye alikuwepo ulimwendea mwisho, tena hukwenda kuuliza, ulikwenda kumsomea. Pole lakini, najua unateseka, asiye na roho asingeandika barua hii.

Sasa fanya hivi. Leo hii mwambie huyo kaka yako aache na alichotengeneza akirudishe tanuruni. Fundi mkuu aliyeukataa moto wako ataitambua mashine bandia kwa kuitupia jicho moja, na hapo ndipo baba mkubwa ataaibika kikweli. Mchapaji muombe wiki mbili.

Baba mkubwa usimfuate ofisini. Mpeleke nyumbani kwa mama yake, na wewe ndiye utangulie kusema: mto ule niliubuni mimi. Lawama uibebe yote kabla bibi hajafungua mdomo. Atafoka, mwache afoke, usijitetee. Kisha nyamaza, bibi azungumze. Mwanamume aliyelilia mashine zilizoanguka mtoni hatashindwa kusikiliza jinsi alivyobebwa mgongoni mama yake akikwangua chuma. Wafanyakazi atawaeleza mwenyewe, hiyo ni kazi yake, usimsaidie. Jukwaa la getini nalo lisikunyime usingizi. Daftari lina jina la aliyenunua namba saba, mkaitafute.

Ile sura ichane. Kaa na bibi, muulize kitanda kile kilimchukua siku ngapi, mikono ilimuuma wapi, nani alimcheka. Andika anachosema, msomee, akikukosoa futa bila ubishi. Ana miaka themanini na minane, usimwambie mambo ya mwezi ujao.

Na ukifika kwenye jina lake, liandike kamili, lile alilopewa na wazazi wake. Nikifungua kitabu hicho nikakuta "mke wa mwanzilishi", nitakufuata huko huko kiwandani.