Feierabend, neno nililomtafsiria Baba

Jumapili, Magu. Jua kali tangu asubuhi, na mimi sina hamu ya kuongea na mtu.

Nimekuja kumwona Baba. Nimemkuta ameifungua pampu ya maji ya jirani, mzee wa miaka themanini na ushee, spana mkononi. Nikakumbuka neno moja la Kijerumani: Feierabend.

Miaka ya tisini, kiwanda cha kukamua mafuta ya pamba alikofanya kazi, pale Nyakato, Mwanza, kiliuzwa. Tajiri mpya akaleta fundi Mjerumani aje kufunga mashine mpya. Baba alikuwa fundi mkuu wa zile za zamani. Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha sita, nikapata kibarua cha kutafsiri Kiingereza cha mgeni.

Kila siku saa kumi na moja kamili jioni Mjerumani alifuta mikono, akafunga sanduku lake la spana na kusema neno hilo. Hata kama imebaki nati moja. Baba alichukia. Kwake kuiacha mashine wazi ni utovu wa adabu, kwa hiyo alibaki peke yake akiifunika kwa magunia.

Nililitafuta kwenye kamusi ya Kijerumani na Kiingereza niliyoazima misheni. Kwa Kiingereza lilikuwa na maana tatu: mwisho wa siku ya kazi, saa ya kufunga, kama wasemavyo Waingereza kwenye baa zao, na ule muda wa jioni ambao mtu hadaiwi kazi na yeyote. Niliipenda ya tatu.

Siku moja, saa nne asubuhi, Mjerumani alifunga sanduku la Baba badala ya lake. Akampa mkono, akasema neno lile mbele ya mafundi wote. Mimi nilikwisha kuiona ofisini orodha ya wanaopunguzwa. Idara yao yote ilikuwemo.

Baba akanigeukia.

"Anasema mpumzike, kesho mtaendelea," nikamwambia.

Nilidanganya. Niliogopa uso wake.

Kesho yake alikuja na ovaroli iliyofuliwa na chakula chake cha mchana, akasimama getini na wenzake kusoma orodha. Nilimwona kupitia dirisha la ofisi. Sikutoka.

Leo nimemwambia neno lile lilimaanisha nini. Hakuinua kichwa.

"Nilijua," akasema. "Mtu hafungiwi sanduku lake bure."

"Sasa kesho yake ulikuja kufanya nini, Baba?"

"Ulishasema mbele za watu. Ningebaki nyumbani, wenzangu wangejua kwamba mwanangu alijua, akatudanganya."

Naona aibu mpaka sasa ninapoandika.

Pampu ilipoanza kuvuta maji alifunga sanduku, akajaribu kulitamka neno lile, akalikosea, akaenda kunawa mikono. Sanduku nililiingiza ndani mimi.

Radhi sijamwomba. Kesho narudi Mwanza na gari la asubuhi, na sitapanda kabla sijamwomba.