Nusu Glasi ya Maji Karoo

Mke mwenzangu Zuhura,

Shikamoo yako imenifikia hapa Randburg, marahaba. Mama yako mzima, nami, bibi harusi wa miezi miwili, natabasamu hata nikimenya vitunguu.

Umeuliza kama tumenunua zile ekari za Karoo, nyika kavu isiyo na umeme wala bomba. Babu yako mpya alitaka kusaini palepale, maana bwawa lilikuwa limejaa. Nikamkumbuka baba yangu. Nilipokuwa msichana kule Handeni, alinunua shamba wakati wa masika. Kiangazi kijito kikakauka, tukahama. Mama alimuuliza tu, "Mbona hukuomba maji kwa jirani?" Kwao, anayetafuta ardhi huomba kwanza maji ya kunywa nyumba ya karibu.

Basi tukabisha hodi kwa jirani, tukaomba maji. Mama wa pale akatuletea nusu glasi. "Samahani wazee wangu, mgeni tunampa hiyo tu. Bwawa lile halimalizi wiki mbili."

Mume wangu alikuwa na kiu kuliko mimi. Akalowesha midomo tu, yaliyobaki akanipa.

Ardhi tumeiacha, Zuhura. Huyu simwachi, nawe usimtamani.

Bibi yako anayekupenda